Geti la Ukimya

Asubuhi hiyo majivu ya mlima yalikuwa yakianguka mepesi, kama unga unaopepetwa na mtu asiye na haraka. Atuganile alikuwa amefagia kizingiti cha karakana mara mbili, na bado nyayo za Mwenyekiti Gwakisa zilijichora sakafuni alipoingia. Mwenyekiti alivua kitambaa alichojifunga puani, akakikung'uta nje ya mlango kama adabu ya kijiji cha Itekele inavyotaka, ndipo akasalimia.

"Ugonile, binti."

"Ndaga, baba. Karibu ukae. Hicho kigoda kina mguu mbovu, kaa hiki."

Hakukaa. Mtu aliyebeba neno zito hupenda kulitua akiwa amesimama. Atuganile akaendelea na kazi yake, maana alikwisha kujua kwamba ukimkodolea macho mtu wa namna hiyo, neno humkwama kooni. Alikuwa aking'oa transista kwenye ubao wa redio ya kizee, anayeyusha risasi iliyoishikiza, mguu kwa mguu, taratibu, asije akaiunguza. Tangu mwaka ule jua lilipotema moto, mashine zote zenye akili zilikufa pale pale zilipokuwa, mikononi mwa watu na mifukoni mwao. Vilivyopona ni vitu vya babu: transista nene za miguu mitatu, zilizolala darini ndani ya redio mbovu huku kuku wakizitagia mayai. Sasa zilitafutwa kama dawa.

"Maji ya mto yameshuka tena," Mwenyekiti akaanza. "Rota ya kufua umeme inazunguka kama mtu anayesinzia. Jana betri za Nyumba ya Pumzi zilikata jua likiwa bado juu. Mivukuto yote ya wagonjwa ilisimama."

"Najua, baba. Nilikuwepo. Nilikuwa nampepea mama kwa ungo."

"Basi baraza limekaa. Tumeonelea mageti ya mivukuto yageuzwe."

Atuganile akaweka chini chuma cha kuchomea. Hilo neno alikuwa amelisikia likinong'onwa kisimani, lakini kunong'onwa ni kimoja na kuletewa mlangoni ni kingine.

"Kabla hujanijibu," Mwenyekiti akasema, na sauti yake ikapungua ukali, "nionyeshe. Sitaki kuagiza kitu nisichokielewa. Nisije nikaulizwa kesho nikasema niliambiwa."

Hilo lilimpendeza Atuganile. Akachukua transista mbili, akaziweka kwenye kiganja cha mzee yule. Zilifanana kama mapacha.

"Kila moja ina miguu mitatu. Huu unaitwa emita, huu wa katikati besi, huu kolekta. Umeme mkubwa, ule wa kuzungusha mota ya mvukuto, unapita kati ya emita na kolekta. Besi ndiyo bawabu. Kaumeme kadogo tu pale kwenye besi kanaamua kama mkubwa apite au asipite. Tuko pamoja, baba?"

"Tuko pamoja. Kama mke mdogo."

Atuganile akacheka bila kutaka. Akaifunga ya kwanza kwenye betri na taa ndogo. "Hii ndiyo tuliyo nayo kwenye vitanda vyote. PNP. Emita yake inakaa juu, upande wa chanya, unakotoka umeme. Nikiipandisha besi nayo ikawa juu sawasawa na emita, bawabu hana neno, anafunga. Tazama, taa imezimika. Sasa nikiishusha besi, nikaielekeza kwenye hasi..." Akagusisha waya. Taa ikawaka. "Amefungua. Umeme unateremka toka emita kwenda kolekta, mpaka kwenye mota."

"Ukiishusha ndiyo inafungua?"

"Ukiishusha au ukiiachia. Maana kuna hii rizista inayoivuta chini muda wote. Sasa fikiri mkanda wa kifuani. Mgonjwa akivuta pumzi, mkanda unatanuka, unatoa umeme. Ule umeme unajaza hii kapasita, kibuyu cha umeme, na kapasita inaishikilia besi juu. Geti limefunga, mvukuto umepumzika, mtu anapumua mwenyewe. Pumzi ikichelewa, kapasita inavuja polepole, besi inashuka, geti linafunguka, mvukuto unampulizia."

"Kwa hiyo anayenyamaza ndiye anayesaidiwa."

"Ndiyo. Hata panya akikata waya wa mkanda, mvukuto utapuliza tu. Daktari Lugano alitaka hivyo tangu siku ya kwanza. Alisema kitu kikiharibika, kiharibikie upande wa uhai."

Mwenyekiti akainyanyua ile ya pili kwa vidole viwili. "Na hii?"

"NPN. Kinyume chake. Emita yake inakaa chini, kwenye hasi. Besi isipopewa kitu, imefunga, imelala. Mpaka ipandishwe ndipo ifungue. Ukiweka hii, anayepumua kidogo atasaidiwa kila anapovuta pumzi. Asiyepumua..."

"Asiyepumua atakuwa hajaomba," Mwenyekiti akamalizia.

Wote wawili walimjua asiyepumua. Mzee Anyosisye, kitanda cha mwisho karibu na ukuta, tangu masika hakuwahi kuvuta pumzi hata moja ya kwake mwenyewe. Mvukuto wake haukupumzika. Taa nyekundu juu ya kitanda chake haikuzimika.

"Kwa nini msimzime tu, baba? Kuna swichi."

"Nani aishike?" Mwenyekiti akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe? Mimi? Mjane akae akijua mkono wa nani? Mageti yakigeuzwa, hakuna aliyeua. Geti litakuwa limesikiliza, likakuta hakuna mtu. Na mama yako, Atuganile, mama yako atapata umeme wa kumfikisha kwenye mvua."

Hapo ndipo kitu chepesi, kitu kama furaha, kilipomgusa Atuganile kifuani. Akakitambua, akakichukia, lakini kilikuwa kimekwisha kuingia.

"Nitakuja mchana," akasema.

*

Nyumba ya Pumzi ilikuwa zamani kiwanda cha chai. Madirisha yake marefu yalijengwa ili upepo ukaushe majani. Sasa yamezibwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa, vizuie majivu. Miaka yote ile imepita, na bado siku ya unyevunyevu kuta zilitoa harufu ya chai mbichi. Vitanda vya walioharibiwa mapafu na majivu vilipangwa upande mmoja, na kando ya kila kitanda mvukuto wa ngozi ya ng'ombe, mkubwa kama mtu aliyechutama, na kisanduku cha geti, na taa nyekundu ya kuonyesha kwamba mvukuto unapuliza.

Ndugu za wagonjwa walikuwa wamejaa. Habari ilikuwa imewahi kufika kuliko Mwenyekiti mwenyewe.

"Kwetu hapa," Mwenyekiti akawaambia, "mtu unampigia hodi mara tatu. Asipojibu, unaondoka zako. Hukasiriki, humsemi. Ndiyo desturi. Na sisi tumepiga hodi kwa baadhi ya wapendwa wetu msimu mzima."

Watu wakatazama chini. Wakamtazama Bibi Tumpe, mke wa Anyosisye, aliyekuwa ameketi kwenye kigunia chake akimsugua mumewe miguu kwa mafuta, kama alivyofanya kila siku aliyojaliwa.

"Mwenyekiti," Bibi akasema bila kuinua kichwa, "hodi tatu ni ya mgeni. Mgeni asipojibiwa, huondoka. Jirani yako akikaa kimya asubuhi, moshi hautoki, kuku hawajafunguliwa, wewe hupigi hodi tatu ukaenda kunywa chai. Unavunja mlango."

"Kweli hiyo," mtu akasema nyuma.

"Kweli, lakini umeme je?" mwingine akajibu. "Mlango tutavunja kwa nini, kwa meno?"

Daktari Lugano alikuwa ameegemea nguzo. Majivu yalikuwa yameshamla sauti yeye pia, ikabaki mkwaruzo. "Sina cha kuwaficha," akasema. "Betri zinakwisha upesi kuliko nilivyotegemea, hata kwa mto huu uliopungua. Sijui ni kwa nini. Tusipopunguza mzigo, tutawapoteza hata walio na nafuu. Lakini geti mnalotaka kuligeuza nililichagua mimi, na nililichagua nikiwa na akili zangu. Mkiligeuza, jueni mnageuza nini."

"Fundi aanze!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Ila mkuki kwa nguruwe mtamu. Aanze na kwao!"

Atuganile akahisi macho yote mgongoni. Mama yake, Subilaga, alilala kitanda cha tatu, barakoa ya ngozi puani. Aliongea kwa vipande, kipande kwa pumzi.

"Anza... na mimi, Atu. Niondolee... aibu."

"Mama."

"Anza."

Akapiga magoti, akafungua kisanduku. Akazima swichi ya kitanda, akaitoa PNP, akahamisha waya za mota, akaiweka NPN mahali pake, akaiacha rizista iendelee kuivuta besi chini. Aliifanya kazi ile polepole. Mama alikuwa akipumua mwenyewe, kwa shida, mikono imekunja shuka. Alipomaliza, akawasha.

Hakuna kilichotokea.

Kifua cha mama kilipanda, kikashuka. Kikapanda tena. Atuganile aliiona pumzi ile kwa macho yake, dhaifu lakini ipo, na geti halikufunguka. Mvukuto ulikaa umechutama kama mgeni asiyeelewa lugha. Midomo ya Subilaga ikaanza kupata rangi ya zambarau.

"Hajaomba," mtu akanong'ona.

"Anaomba!" Atuganile akasema kwa ukali ambao hakuujua kuwa anao. "Anapumua, si mnamwona?" Akaingiza mkono chini ya blanketi, akaufuata mkanda. Ulikuwa umelegea, unaning'inia ubavuni kama kamba ya mbuzi aliyekwisha kupotea. Mkono wake ukagusa fundo la kitambaa cha kitenge, laini, lililofungwa kwa ustadi, lililoushikilia mkanda mbali na kifua. Halikuwa fundo lake. Akalikata, akaukaza mkanda. Pumzi iliyofuata, geti likasikia, mvukuto ukaamka, rangi ikaanza kurudi midomoni mwa mama.

Atuganile akabaki amepiga magoti. Alikuwa anafikiri, na alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, hakuna aliyemharakisha. Taa ya kitanda hiki ilizimika lini mara ya mwisho? Alikuwa akipita hapa kila siku, anaona taa zimewaka, anasema moyoni, wagonjwa wamezidiwa. Mkanda uliolegea hauleti pumzi. Kapasita haijai. Besi inashuka, inabaki chini, na geti la PNP linakaa wazi mchana kutwa, kwa mtu anayepumua.

Akainuka, akaenda kitanda cha pili. Fundo la kitenge. Cha nne, fundo. Cha sita, cha saba. Watu walimfuata kwa macho.

"Ni mimi," akasema Bibi Tumpe.

Alikuwa amesimama, kichupa cha mafuta mkononi.

"Nilimwona mzee wangu analala vizuri. Mvukuto unampulizia usiku na mchana, uso wake umetulia, hahangaiki kama wengine. Hawa wengine nawaona wanapambana, mtu anavuta pumzi kama anapandisha ndoo ya kisima. Nikasema, jamani, kwa nini wao wasipumzishwe? Nikalegeza wa mmoja, akalala. Nikalegeza wa Subilaga. Nikawafundisha na wenzangu hawa. Tulidhani tunawasaidia." Akawatazama wanawake waliokaa kando ya vitanda, na kila mmoja akatazama mahali pengine. "Sikujua kwamba ni kisima kimoja."

"Ametumaliza huyu," yule mwanamke wa mkuki akaanza.

"Nyamaza, Sekela," mumewe akamwambia. "Fundo la mama yetu nani kalifunga, kama si wewe?"

Sekela akajifunika uso kwa kanga.

Atuganile akamgeukia Mwenyekiti. Hakuongea kwa sauti kubwa. "Baba, leo ungeniambia nigeuze mageti yote kwa pamoja, ningewaua watu wanaopumua. Na visanduku vingeapa kwamba hawakuomba."

Mwenyekiti akakitoa kitambaa chake cha puani, akakikunja, akakikunjua.

Jioni hiyo hiyo Atuganile aliitoa NPN kwenye kitanda cha mama yake, akairudisha PNP mahali pake. Mikanda yote ikakazwa. Taa zikazimika moja baada ya nyingine, zikawa zinawaka mtu anapozidiwa tu na kuzimika anapopata nafuu, kama macho ya watu wanaosinzia na kuzinduka. Ikabaki moja tu, ile ya ukutani.

*

Betri zikadumu, na watu wakaanza kutembea wameinua vichwa. Lakini mto haukusikia habari za mikanda. Uliendelea kushuka mpaka mawe ya katikati yakajitokeza na akina mama wakaanza kuanikia nguo juu yake. Daktari Lugano akamwita Atuganile na Mwenyekiti nyuma ya jengo, kwenye mitungi ya maji.

"Mvukuto usiopumzika unakula sawa na mingine yote ikijumlishwa," akasema. "Nimeupima kila siku. Mvua haiko karibu. Ningekuwa na njia nyingine ningeisema."

"Basi geti moja tu," Mwenyekiti akasema. "La Anyosisye peke yake. Mkanda wake umekazwa, mmeuhakiki wenyewe. Safari hii hakuna kosa. Ligeuzwe, liamue."

"Geti haliamui, baba," Atuganile akasema. "Linafuata waya. Anayepanga waya ndiye anayeamua."

"Basi kataa, mama yako afe!" Mwenyekiti akafoka, kisha akashika paji la uso. "Nisamehe, binti. Sikulala."

"Hata mimi, baba."

Alikwenda kukaa na mama yake. Subilaga alikuwa na nafuu kidogo siku hiyo. Alikuwa amekula uji nusu kikombe na kulalamika kuwa hauna chumvi, dalili njema. Atuganile akamweleza yote, maana hakuwa na mwingine wa kumweleza.

"Nikiligeuza la mzee, watazoea," akasema. "Mwakani watageuza lingine. Nisipoligeuza, ni wewe."

Mama alivuta pumzi mbili kwanza.

"Mimi nataka... kuishi, Atu. Nisikudanganye. Naogopa." Akapumzika. "Ila siku yangu... ikifika... nisiwe nimefungiwa mlango... na kitu kisicho na uso. Awe mtu. Hata... kama analia."

Atuganile akarudi karakana. Hakuchukua NPN. Alichukua kitufe cha kengele ya kale, kile cha kubonyeza chenye springi, kisichojishikiza, kikiachiwa kinaruka juu. Akakitia waya mbili, mmoja wa chanya, mmoja wa besi.

*

Walikutana mchana, majivu yakiwa yametulia kidogo na mwanga wa kahawia ukipenya kwenye vitambaa vya madirisha. Bibi Tumpe alikuwa ameambiwa. Alikuwa amemvalisha mumewe shati la kanisani.

Mwenyekiti alikiona kitufe ubavuni mwa kisanduku. "Hiki cha nini?"

"Geti sijaligeuza, baba. Ni lile lile, bado linasikiliza ukimya na kuujibu. Anayetaka lifunge, lazima aipandishe besi mwenyewe. Unabonyeza hapa, besi inakwenda juu, geti linafunga. Ukiachia, inashuka, linafungua."

"Weka basi kinachobaki chini kikibonyezwa. Mtu abonyeze mara moja, atoke."

"Sitaweka hicho." Akaifumbata mikono nyuma. "Anayetaka mzee aende, akishikilie mwenyewe mpaka mwisho. Hiyo tu ndiyo ninayoweza kutengeneza. Nyingine mtafute fundi mwingine."

Mwenyekiti Gwakisa hakuwa mtu mwoga. Alisogea, akakipangusa kitufe kwa kitambaa chake, akaweka kidole. Akabonyeza.

Mvukuto ukashuka, haukupanda tena. Taa ikazimika. Sauti ambayo ilikuwa imekaa ndani ya jengo lile tangu masika, ile sauti ya ngozi ikijaa na kutoka, ambayo watu walikuwa wameacha kuisikia, ilipokatika kila mtu aliisikia. Mwenyekiti alimtazama Anyosisye usoni. Walikuwa wamechunga pamoja utotoni, wanaume hawa. Kidole chake kikaruka kama kilichoungua.

Mvukuto ukaamka. Kifua cha mzee kikapanda.

"Siwezi," Mwenyekiti akasema. "Nilidhani naweza. Tumpe, nisamehe. Nilitaka kukufanyia jambo ambalo siwezi kulifanya."

Bibi Tumpe hakumjibu. Akaketi kitandani pembeni ya mumewe, akamweka sawa kola ya shati.

"Mnajua alikuwa mgawa maji wa mfereji," akasema, na hakuonekana anaongea na mtu fulani. "Mashamba yote ya bondeni. Miaka yote ile, zamu yetu ilikuwa ya mwisho. Migomba yetu ilikuwa aibu. Nikimgombeza, ananiambia, mwanamke, mgawa maji hanywi kwanza." Akatabasamu kidogo. "Na mimi nimemweka kwenye zamu za watu msimu mzima, halafu nikawafundisha wengine nao wakae. Angejua, angeninunia mpaka Krismasi."

"Hukujua, Bibi," Atuganile akasema.

"Sasa najua." Akapapasa ubavu wa kisanduku. "Ni hapa?"

"Ni hapo. Bibi, si lazima. Mimi naweza..."

"Wewe una mama kitanda kile. Ukibonyeza wewe, utakuwa unajiuliza mpaka uzeeke. Kaa hapa karibu. Usinishike."

Akambusu mumewe kwenye paji la uso. Akaweka kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya kitufe, na mkono wa kushoto akamshika mzee kiganja. Akabonyeza.

Hakuna aliyeondoka. Sekela alianza wimbo wa mazishi wa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini sana, akaukatiza katikati kwa kuona bado mapema. Daktari alipiga magoti upande wa pili, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Mwenyekiti alikuwa amevua kofia. Kidole cha Bibi kilianza kuchoka, ukucha ukawa mweupe. Akaweka kiwiko gotini kukisaidia, kama mtu anayeshikilia mlango dhidi ya upepo. Akawa anamwambia mumewe mambo madogo madogo, habari za migomba, habari za mjukuu aliyeota jino, kwa Kinyakyusa, haraka haraka.

Kisha Daktari Lugano akainua uso, akatikisa kichwa kidogo.

Bibi Tumpe akashusha pumzi. Kidole kikaanza kulegea.

"Bado, Bibi," Atuganile akasema upesi. "Ukiachia sasa, geti litaona kimya. Litampulizia tena."

Bibi akagandamiza upya kwa nguvu zake zote. Hofu iliyompita Bibi usoni, Atuganile hakuisahau. Akachukua koleo, akainama chini ya kitanda, akautafuta waya mnene unaotoka betri kwenda emita. Akaukata.

"Tayari."

Lakini Bibi hakuachia mara moja. Akakaa hivyo, kidole juu ya kitu ambacho hakikufunga tena wala kufungua chochote, na watu wakamngoja. Alipokinyanyua hatimaye, alama ya duara ilikuwa imezama kwenye ngozi. Mvukuto haukusogea.

Kwenye kitanda cha tatu pumzi ya Subilaga ikachelewa. Ikachelewa zaidi. Atuganile akageuka, koleo mkononi. Taa ikawaka nyekundu, mvukuto ukajaa, ukapuliza mara moja kwa nguvu. Kisha taa ikazimika, na mama yake akavuta pumzi ya kwake mwenyewe.

Bibi Tumpe alikuwa ameinua kichwa akisikiliza.

"Huyo kajibiwa," akasema, na akaanza kufungua vifungo vya shati la mumewe ili wamwoshe.